Dirisha ni la mtoto

Mfuko wa kaki una tabia moja mbaya: hautunzi siri. Mama anautoa mkobani basi likiwa kwenye kona za Buranga, barabara ya Gisenyi kwenda Kigali, anaufungua haraka chini ya kidevu cha mtoto, na kwa dakika mbili tatu mambo yanakuwa shwari. Kisha kitako cha mfuko kinaanza kulainika. Kinageuka rangi, kinaning'inia, na abiria wa kiti cha pili anavuta kitenge chake polepole bila kusema neno.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania 2019. Ni sheria njema, na mitaro ya barabarani ni shahidi. Ila walioishangilia hawakuwa wamempakata mtoto wa miaka sita kati ya Musanze na Gakenke. Wasafiri wazoefu wamekwishahama kwenye kaki. Hubeba kopo lenye kifuniko, kitambaa kilicholoweshwa maji na nguo ya kubadilisha, vyote mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto huyo alipanda akiwa mzima. Alikula, alicheka, aliuliza maswali arobaini kabla basi halijafika Mahoko. Hapo mama akachoka, akampa simu ili anyamaze. Akanyamaza kweli. Saa moja na nusu baadaye roho ikamchafuka.

Lawama ya makala haya iko hapo. Wazazi wengi wa siku hizi, wa kwenye basi na wa kwenye gari dogo, wanaamini kwamba mtoto msumbufu safarini dawa yake ni kioo cha simu, na huku kuna kioo kingine pembeni yake, kikubwa zaidi, kisicholipiwa bando, ambacho kwa kawaida amekikalia mtu mzima aliyelala.

Ichukuliwe safari ya Bugeshi kwenda Kigali. Bugeshi ni tarafa, au umurenge kama wenyewe wanavyosema, ya wilaya ya Rubavu, imekaa juu kwenye udongo mweusi wa volkeno, mpaka wa Kongo upande mmoja na mlima Karisimbi juu yake. Ni nchi ya viazi na ya baridi. Familia ikitaka kwenda kumwona shangazi Kigali, kwanza inashuka hadi kwenye lami, wengi wakipandia mjini Gisenyi, ndipo inaanza safari yenyewe ya takriban kilomita 155. Kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam hadi Mwanza, hizo ni kilomita za kwenda sokoni. Lakini basi la Rwanda linabanwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kwa agizo la rais la mwaka 2015, na barabara yenyewe inapanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Hata lisiposimama popote, hesabu haishuki chini ya saa mbili na nusu. Likisimama, na lazima litasimama, ni saa tatu, tatu na nusu, wakati mwingine nne.

Mtoto wa miaka sita hana saa nne ndani yake. Ana dakika ishirini, zikiisha anahitaji nyingine ishirini kutoka kwa mtu.

Kuhusu simu na matapishi, maelezo ya kitabibu si magumu. Ndani ya sikio la binadamu kuna kiungo kinachopima mwendo na mizani. Basi likikata kona, sikio linapeleka habari kwenye ubongo: tunageuka. Jicho lililotazama nje linakubali: kweli, naona mgomba unapita. Jicho lililoganda kwenye simu linakataa: hakuna kinachosogea hapa, paka wa katuni amesimama palepale. Ubongo unapopokea taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na hali hii, ilhali wachanga husalimika, na ndiyo maana kichanga aliyefungwa mgongoni kwa kitenge ndiye msafiri bora kuliko wote: analala Mukamira, anaamka Shyorongi.

Kuna mtu mwingine ndani ya basi ambaye hatapiki hata siku moja, naye ni dereva. Si kwamba ana tumbo la chuma. Anaijua kona kabla haijafika, mwili wake umekwishajiandaa. Abiria ndiye anayeshtukizwa. Mzazi akilielewa hilo ameshika nusu ya ufumbuzi, maana kinachotakiwa ni kumgawia mtoto kidogo cha ule ujuzi wa dereva: aione barabara, aitangaze kona, ajue kinachofuata.

Nusu nyingine ni ya kiuchumi. Simu ya familia ya Bugeshi si kifaa cha kuchezea. Ndiyo pochi, kwa sababu hela iko MoMo, pesa za simu. Ndiyo anwani, kwa sababu mjomba atakayewapokea Nyabugogo, kituo kikuu cha Kigali, amesema "mkifika mnipigie". Mtoto akiangalia katuni kutoka Mahoko hadi Base, chaji inaingia kituo hicho ikiwa asilimia mbili, na hapo mama mwenye watoto watatu na gunia la viazi anaanza kuomba simu kwa watu asiowajua. Kisa hiki hutokea mara nyingi kiasi kwamba pembeni ya kila kituo kikubwa cha mabasi hukosi kijana anayechaji simu kwa senti chache.

Sasa suala la dirisha. Ingia basi dogo lolote la abiria thelathini, tazama nani amekaa wapi. Dirishani: baba, ameegemeza kichwa, pazia limevutwa. Kando yake: mama. Kwenye kiti cha kukunja katikati ya njia, au kwenye mapaja ya mama, mtoto, anayetazama mgongo wa kiti cha mbele. Mgongo wa kiti una nini? Una mfuko wa wavu uliochanika na jina la mtu aliyelichora kwa kalamu. Baada ya dakika tano mtoto ameumaliza. Anaanza kupiga kiti teke. Anaambiwa "tulia". Atulie na nini?

Adabu ya zamani ilimpa mkubwa nafasi nzuri, na adabu hiyo si ya kudharauliwa. Ila mkubwa huyu ameiona barabara mara mia na anakwenda kulala. Kumpa dirisha mtu aliyefumba macho ni matumizi mabaya ya kioo.

Na barabara hii ina ya kuonyesha. Basi likitoka Gisenyi ziwa Kivu linabaki nyuma, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na gari linaanza kuupanda mlima kuelekea Nyundo, Mahoko, kisha Bigogwe. Pale Bigogwe kuna kilima ambacho wenyeji wanakiita Ibere rya Bigogwe, yaani ziwa la Bigogwe, ziwa la mwilini, kwa umbo lake. Watoto wakiambiwa jina hilo hucheka mpaka Mukamira, na kicheko cha kilomita kadhaa si haba. Ng'ombe wa malisho ya huku ndio wanaotoa maziwa na jibini ya Gishwati. (Neno la pembeni kwa wazazi: maziwa ya mgando ya Bigogwe, ikivuguto, ni matamu, lakini yanunuliwe wakati wa kurudi. Ikivuguto tumboni na kona za Buranga mbele ni ugomvi wa kutafuta.)

Halafu milima. Safu ya Virunga ina volkeno nane, na siku ya anga safi mtoto aliyekaa upande wa kushoto anaweza kuhesabu kadhaa kati yake kadiri basi linavyosogea. Karisimbi ndiyo ndefu kuliko zote, mita 4,507. Jina lake linahusishwa na isimbi, ganda dogo jeupe la kombe, kwa vile kilele chake huamka kikiwa cheupe asubuhi za baridi. Bisoke ina ziwa juu kabisa kileleni. Sabyinyo, inapokutana mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo, ina vilele vilivyochongoka, na jina lake ni la meno. Muhabura, mita 4,127, imesimama peke yake mwishoni, na husemwa maana yake ni kiongozi wa njia. Watoto wa Bugeshi wamezaliwa chini ya milima hii na bado wengi hawajui ipi ni ipi, kwa sababu mlima unaouona kila siku kutoka upande mmoja hauna jina, ni "mlima" tu. Unapozungukwa na basi ndipo unapopata sura.

Ukishakuwa na mlima wenye meno, mchezo umekwishapatikana. Watoto wa Rubavu wana bahati ya lugha mbili za kuchezea. Kwa Kinyarwanda anayetega husema "Sakwe sakwe!" na wenzake hujibu "Soma!" Kwa Kiswahili, ambacho huku kimekuwa lugha ya soko na ya majirani wa Goma muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ni "Kitendawili!" na "Tega!" Vitendawili vya kitabuni huisha mapema, hivyo wavitunge vyao kutokana na wanachokiona. Babu ana meno lakini hatafuni: Sabyinyo. Nikikimbia ananifuata, nikisimama ananisubiri: Karisimbi. Dada wa barabarani, hasemi neno, akikuangalia tu umelipa: Sofia.

Sofia ndilo jina ambalo Wanyarwanda wamezibatiza kamera za kunasa mwendo wa magari. Hakuna mchezo unaowanyamazisha watoto kama kumwinda Sofia. Anayemwona wa kwanza anapata alama, anayemsingizia, akaita "Sofia!" kwenye nguzo ya umeme, anapoteza mbili. Dereva naye, japo hatakiri, hufurahia kuwa na walinzi.

Uzuri wa kitendawili cha Kiswahili uko pia katika kushindwa. Aliyeshindwa hudaiwa mji. "Nipe mji!" Nyumbani watoto hutoa miji waliyoisikia redioni, Mombasa, Nairobi. Barabarani wanatoa iliyo mbele yao: "Chukua Musanze!" Mtegaji anaupokea mji, anasimulia alivyokwenda huko, alivyokaribishwa, alichokula, ndipo anatoa jibu. Baadaye basi linaingia Musanze yenyewe, na abiria wote wa viti vya nyuma wanajua kwamba mji huo tangu Bigogwe ni mali ya mtoto wa miaka minane aliyevaa sweta la kijani.

Namba za magari ni mchezo mwingine, na hapa barabara ya mpakani inaishinda barabara ya mtaani kwa mbali. Malori ya mizigo na ya mafuta yanayopita kati ya Kigali na mpaka hutoka pembe zote za Afrika Mashariki. Namba inayoanza na R ni ya nyumbani, haina pointi. U ni Uganda, pointi moja. T ni Tanzania, K ni Kenya, tatu kila moja kwa sababu zimetoka mbali. Mtoto anayeijua herufi anacheza. Asiyeijua anajifunza kwa wivu. Mkubwa wao apewe swali gumu zaidi: lori hili kama lilipakia bandarini Dar es Salaam, limepita wapi kufika hapa? Kama ni Mombasa, je? Hilo linawapeleka hadi Gakenke.

Lakini michezo peke yake haitoshi, na hapa makala haya yanatofautiana na ushauri wa kawaida wa "wape watoto kitu cha kuwaburudisha". Mtoto wa Afrika Mashariki hakuzoea kuburudishwa. Amezoea kutumwa. Anachota maji, anamshika mdogo wake, anapeleka chumvi kwa jirani, na kila akirudi anaona amefanya kitu. Anapopanda gari ndipo kwa mara ya kwanza siku nzima anaambiwa asifanye chochote. Anasumbua kwa kukosa kazi.

Basi apewe cheo. Gari kubwa huwa na dereva na msaidizi: Tanzania ni konda au utingo, malori ya Kenya yana tanboi, Rwanda na Goma ni komvuwayeri. Hakuna mtoto asiyemwonea gere komvuwayeri, anavyoning'inia mlangoni, anavyopiga bati kumwambia dereva aondoke. Familia inaweza kuwa na makomvuwayeri wake. Mmoja ni wa hesabu: wilaya tano, Rubavu, Nyabihu, Musanze, Gakenke na Rulindo, kisha jiji la Kigali, anatangaza kila moja inapoingiwa. Mwingine ni wa mizigo: kila kituo anageuka na kuhakikisha gunia na ndoo havijashuka na mwenyewe asiyehusika. Mdogo kabisa ni wa kona, kazi yake kusema "kulia!" na "kushoto!" kabla gari halijakata. Huyo wa kona ndiye aliyekuwa akitapika safari iliyopita. Sasa ana ujuzi wa dereva.

Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, Ijumaa jioni na siku za mapumziko, magari madogo yanapanda kutoka Kigali kwenda Gisenyi, kwenye ufukwe wa Kivu. Hawa ni familia zenye uwezo. Nyuma kuna watoto wawili au watatu, kila mmoja na tableti yake na visikizio, na kimya cha ajabu. Wazazi wa namna hiyo hujisifu: "Hawajalia hata mara moja." Ni kweli. Pia hawajajua kama wamepita mto wowote, hawajauona mlima hata mmoja, na wakiulizwa shuleni Jumatatu wameona nini njiani watasema walimaliza msimu wa pili.

Haki iwe haki: gari dogo lina jambo moja ambalo basi mara nyingi halina, nalo ni mkanda kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani limesema mara kwa mara kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mtoto aliyechoka hufungua mkanda, husimama katikati ya viti viwili vya mbele, hupanda mgongoni kwa dada yake. Mchezo unaomfanya abaki ameketi, uso dirishani na mkanda kifuani, ni sehemu ya usalama wake, na mzazi anayeuona kama upuuzi wa kupotezea muda ameuhesabu vibaya.

Tanzania wana somo lao kila Desemba. Wachagga wanapofunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula Krismasi, barabara inajaa magari yenye watoto, zaidi ya kilomita 500, na mzazi mwerevu huigawanya safari kwa vituo badala ya saa. Mtoto haelewi "bado saa nne". Anaelewa "tukifika Korogwe tutachimba dawa". Msemo huo wa kuchimba dawa, ambao mgeni wa Kiswahili huweza kudhani ni habari ya mganga, umewaokoa wengi: unampa mtoto ruhusa ya kutaja haja yake mbele ya abiria hamsini bila aibu. Waswahili wa Rubavu nao wangeuazima tu.

Wasafiri wa Iringa na Mbeya wana Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi, na hapo hata mtoto aliyekuwa akililia simu huiacha yenyewe, kwa sababu twiga yuko hatua chache kutoka kwenye lami akimtazama usoni. Kuna na mabango ya faini kwa anayemgonga mnyama, yakitaja mnyama mmoja mmoja. Treni ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, inawapa watoto wa Kenya tembo wa Tsavo kwa namna hiyohiyo. Lakini hata huko adui ni yuleyule: televisheni inayoning'inia mbele ya basi, sauti juu, sinema ya mapanga saa tatu asubuhi, na watoto wa chekechea kwenye kiti cha tatu wakitumbua macho huku pundamilia wakipita nje bila mtazamaji. Kampuni inayoonyesha sinema ile haimuulizi mzazi, na mzazi hathubutu kuinuka kumwambia konda. Angethubutu.

Kwenye barabara ya Rubavu, kituo ambacho watoto wanakisubiri ni Nyirangarama, wilayani Rulindo. Pale ndipo Sina Gérard alipoanza mwaka 1983 na biashara ndogo ya mikate, ikakua hadi kuwa kiwanda cha Urwibutso, chenye juisi, biskuti na ile chupa ndogo ya Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotoka tone kwa tone. Basi linasimama, milango inafunguka, watu wanakwenda chooni, wanarudi na mishikaki na viazi vya kuchoma. Kwa mtoto dakika kumi hizo zina thamani kuliko tableti yoyote, na makosa hufanyika hapahapa: mzazi anamwacha mtoto ndani ya basi "ili asipotee", anakwenda peke yake kununua chakula. Mtoto ashuke. Akimbie kutoka kwenye basi hadi ukutani na kurudi mara tano. Anunue mwenyewe mkate, kwa hela yake mkononi, ahesabu chenji. Tone moja la Akabanga kwenye kiazi cha kaka mkubwa aliyejidai anaweza ni burudani ya kutosha hadi Shyorongi, ingawa mwandishi wa safu hii hatawajibika kwa matokeo.

Wapo watakaosema haya yote ni ya mchana na ya mzazi aliyelala vizuri. Usiku hakuna mlima. Abiria wengine wamelipa nauli wapate utulivu, si kusikia "Tega!" kwa kilomita 155. Na mama aliyeamka saa tisa za usiku Bugeshi, akapika, akafunga mizigo, akashuka mlimani na watoto watatu, hana nguvu za kuwa mtegaji wa vitendawili. Pingamizi hizi ni za kweli, hasa hii ya mwisho.

Kwa aliyechoka, kuna sauti. Kusikiliza hakutapishi. Rwanda ina Itetero, kipindi cha watoto cha redio kilichoanza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa shirika la utangazaji la taifa na UNICEF; Tanzania ina Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, ambayo nyimbo zake za hesabu zinafuatika hata zikisikilizwa bila kuonwa. Simu iliyozimwa kioo, ikawekwa mfukoni mwa shati la mama na waya mmoja wa visikizio kwa kila mtoto, hula chaji kidogo tu na kuliacha jicho huru dirishani. Usiku mambo ni rahisi kuliko wanavyodhani: mtoto aliyefanya kazi ya ukomvuwayeri siku nzima hulala bila kubembelezwa. Ama abiria wenzake, uzoefu wa mabasi haya ni kwamba aliyekunja uso Nyundo ndiye anayenong'ona jibu Musanze.

Kuna na siku ambazo barabara yenyewe ndiyo inayosimamisha safari. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya jamii ya asubuhi, na aliyeanza safari bila kuangalia kalenda atajikuta amekaa kando ya njia hadi saa tano. Msimu wa mvua udongo wa milima hii huporomoka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya magharibi na kaskazini mwa nchi yaliua zaidi ya watu 130, mto Sebeya ukafurika Rubavu, na njia zikafungwa. Siku kama hizo hakuna programu ya simu inayodumu. Watoto hushuka, huokota vijiwe, huchora duara chini, na katika dakika tano watoto wa mabasi matatu wasiojuana wana mchezo mmoja. Watu wazima bado wanatafuta mtandao.

Kwa familia itakayosafiri likizo ijayo, ni jambo moja tu la kupanga mapema, nalo halina gharama zaidi ya kuwahi kituoni. Kutoka Gisenyi kwenda Kigali, milima iko kushoto, kwa hiyo mtoto akae safu iliyo nyuma ya dereva. Wakati wa kurudi ni kulia, upande wa mlango, safu ya pili au ya tatu ili asisumbuliwe na wanaopanda na kushuka. Pazia lifungwe fundo mapema, kabla abiria wa nyuma hajaanza kulivuta. Kopo liwe chini ya kiti, kifuniko kimelegezwa. Na baba, kama atalazimika kulala, kile kiti cha kukunja cha katikati kina mahali pa kuegemea, ila si pazuri sana.